Tafuta Machakos, Mwana Wakwa

Nilijua kwamba mimi si mwanafunzi tena siku pasiwadi yangu ilipokataa. Haikuja barua, wala hakuna mtu wa ofisini aliyenipigia simu. Nilikuwa nimeketi ndani ya saiba moja mjini Wote, nimelipia nusu saa, feni ya ukutani ikizungusha joto lile lile. Nikaandika namba ya usajili, nikaandika pasiwadi, nikabonyeza. Ikakataa. Nikarudia polepole, herufi moja baada ya nyingine. Ikakataa tena. Nilikuwa mwaka wa tatu nilipoondoka. Karo ilikuwa imenishinda, nikajiambia nitarudi mwaka ujao, na huo mwaka ujao haujafika mpaka leo.

Nilichokuwa nakitafuta kilihusu vifaru. Hebu nieleze. Susu yangu, yaani nyanya, aliletwa Makueni akiwa msichana mdogo, familia yao ikishuka kutoka milima ya Mbooni. Kila mara alituambia kwamba walipofika, mifupa ya vifaru ilikuwa imetapakaa porini kama kuni. Sisi wajukuu tulicheka. Vifaru Makueni? Hapa tunajua mbuzi, punda na maembe. Halafu siku moja nikasoma mahali kwamba kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji aliyeitwa J. A. Hunter, akitumwa na serikali ya kikoloni, aliwapiga risasi karibu vifaru 1000 eneo la Makueni. Serikali ilitaka kufyeka pori na kuwahamishia huko Wakamba kutoka milima iliyojaa watu na iliyoliwa na mmomonyoko wa udongo. Kumbe susu alikuwa anasema kweli, na sisi ndio tulikuwa wajinga.

Nikaamua kuandika habari hiyo. Mhariri niliyemtumia wazo akajibu kwa swali moja tu: umetoa wapi? Swali la haki kabisa. Mwenye digrii akisema, watu humpa nafasi ya kusikilizwa kwanza. Aliyeacha chuo huulizwa risiti. Na risiti zangu zote zilikuwa nyuma ya ile pasiwadi.

Wengi wetu hatujui mlango huo ulijengwaje. Mwaka 2003 maktaba za vyuo na taasisi za Kenya ziliunda muungano unaoitwa KLISC ili zichangie pamoja gharama ya majarida ya mtandaoni, kwa sababu chuo kimoja peke yake kisingeweza kulipa. Ni chama kama vyama vingine vya kuchangiana. Ukiwa mwanachama unasoma, ukitoka unasimama nje. Mimi nilikuwa nimetoka. Makala moja ya kurasa 20 ilikuwa inaniitisha dola ambazo kwangu ni chakula cha wiki nzima.

Ndiyo nikaenda maktaba ya umma. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mama anayefanya kazi pale, kwa sababu hakuniomba umaarufu. Vijana wote humwita Mwaitu, mama yetu. Yuko karibu kustaafu. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miwani imeshuka puani, anaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia huku kidole cha kushoto kikishika mstari kwenye daftari. Nikamwambia nimetafuta "Makueni" kila mahali na sipati kitu cha maana.

Hakuniangalia. Akasema, "Tafuta Machakos, mwana wakwa. Makueni imezaliwa juzi."

Ni kweli. Wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kila kitabu, ripoti na ramani iliyoandikwa kabla ya hapo inaiweka Makueni ndani ya Machakos, na ukirudi nyuma zaidi unakuta majina kama Ulu na Ukamba. Kompyuta haikujua hivyo. Ilinipa nilichoiomba, na nilikuwa nimeomba vibaya. Mimi na elimu yangu ya karibu miaka mitatu ya chuo sikuwa nimefikiria jambo hilo hata mara moja.

Siku hiyo nilianza kupendezwa na kitu kingine kando ya vifaru. Nilitaka kujua huyu mama amefikaje mbele ya ile kompyuta.

*

Ukambani tuna historia ndefu ya kuona vitu vikipita. Karne ya 19 misafara ya Wakamba yenyewe ilibeba pembe za ndovu hadi pwani, na watu kama Kivoi wa Kitui walijulikana Mombasa kabla Nairobi haijakuwa hata kituo. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Yaani Kikamba kilipata kitabu miaka 115 kabla ya Kenya kuwa na sheria ya maktaba. Kitabu kilichapwa mbali, na waliokuwa wakikizungumza Kikamba hawakuwa na mahali pa kukisomea.

Halafu reli. Masimulizi yetu yanasema nabii Syokimau aliiona kabla haijaja, nyoka mrefu anayetema moto kutoka bahari moja hadi nyingine. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi 1899. Vitu vikashuka Nairobi, vitabu pia. Mwaka 1931 Maktaba ya McMillan ilifunguliwa pale mjini, nguzo zake nyeupe na simba wake wa mawe, na hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Angeweza kufagia.

Kwa Mwafrika kulikuwa na sanduku. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya kuchapisha na kusambaza vitabu kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine. Ilituma masanduku ya vitabu sehemu zisizo na maktaba, na ikaazimisha vitabu kwa posta. Mtu anaandika barua, kitabu kinakuja kwa bahasha, anasoma, anarudisha. Ukifikiria vizuri, hiyo ndiyo iliyokuwa huduma ya mbali ya kwanza. Intaneti haikuwepo, lakini wazo lilikuwepo. Na nyuma ya kila bahasha kulikuwa na karani aliyesoma mwandiko wa mtu asiyemjua na kukisia anataka nini hasa.

Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba S. W. Hockey aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma ya maktaba ya taifa. Tanganyika ilitunga sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Huo ndio mwanzo wa ile knls ambayo wengi wetu tunaijua kama mahali pa kusomea KCSE kwa sababu nyumbani kuna kelele. Makueni ilipata matawi yake vijijini: Kinyambu, Kithasyu, Mutyambua. Haya si majina ya miji mikubwa. Ni mahali ambapo dereva wa basi la Mombasa hapunguzi hata gia.

Katiba ya 2010 ikazifanya maktaba kuwa kazi ya kaunti. Chukua Jedwali la Nne usome mwenyewe, utacheka kidogo. Maktaba zimeorodheshwa pamoja na kamari na kasino, leseni za pombe, sinema na video. Kwenye bajeti, hao ndio majirani zake. Na kaunti hizi mbili si ndogo: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni.

*

Sasa mashine. Hadithi ya programu ambayo Mwaitu alikuwa anaihangaikia inaanzia mbali sana na hapa, kwenye mji mdogo wa wakulima unaoitwa Levin, New Zealand. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua zilikuwa na tatizo: mfumo wao wa kompyuta usingevuka mwaka 2000. Kununua mpya kulikuwa ghali, na matawi yao ya vijijini yalitegemea laini za simu za kawaida. Kwa hiyo wakaiomba kampuni ndogo iliyoitwa Katipo iwatengenezee mfumo mwepesi unaofanya kazi kupitia kivinjari. Ulianza kazi Januari 2000. Kisha wakafanya jambo ambalo hawakulazimika kufanya: wakautoa bure, mtu yeyote autumie na kuubadilisha. Wakauita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi.

Napenda habari hii kwa sababu kwa mara moja msaada haukutoka kwa tajiri. Maktaba ya shamba yenye mtandao mbovu ilitatua shida yake, na suluhisho likazifaa maktaba nyingine za shamba zenye mtandao mbovu. Leo Koha iko katika maktaba nyingi za vyuo vya Kenya.

Mtandao wetu nao ulikuja kwa njia ile ile ya kila kitu. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na polepole. Kutoka Mombasa faiba ilifuata njia ya kwenda Nairobi, na njia ya kwenda Nairobi inapita Makueni. Msafara, reli, barabara, kebo. Kuna vijiji ambapo intaneti ya nchi nzima ilikuwa inapita chini ya miguu ya watu waliokuwa wakipanda mlimani kutafuta mtandao wa kupiga simu.

Vyuo vikaanza kuweka kazi zao wazi. Kwa mfano South Eastern Kenya University, chuo kikuu kilichopata hati yake 2013 na makao yake yako Kwa Vonza, Kitui, kina hazina ya kidijitali inayotumia DSpace, programu iliyozaliwa Marekani mwaka 2002 kwa ushirikiano wa chuo cha MIT na kampuni ya HP. Tasnifu zinawekwa humo, na mtu yeyote mwenye bando anasoma bila pasiwadi. Niliposikia hivyo nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeamini kwamba milango yote imefungwa, kumbe mingine ilikuwa imerudishwa tu.

Halafu Machi 2020 Korona ikaingia Kenya na milango ya kweli ikafungwa. Shule, vyuo, maktaba. Wafanyakazi waliozoea kugonga muhuri wa tarehe na kusema "nyamazeni huko nyuma" wakaambiwa wahudumie watu mtandaoni. Wengine walikuwa na simu za kabambe. Wengine walikuwa na simu nzuri lakini bando ni la kutoka mfukoni.

*

Mwaitu alinionyesha daftari lake. Lina jalada la manjano, la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: "1. Washa. 2. Subiri. 3. Usiguse kitu." Ukurasa wa tatu una mchoro wa kibodi, na mishale. Mbele zaidi kuna hatua 17 za kuingiza kitabu kimoja kwenye mfumo, na hatua ya 12 imekatwa mara tatu na kuandikwa upya.

"Nilikuwa nalia," akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kijana aliyekuja kuwafundisha alikuwa mwerevu lakini alikuwa na haraka. Alishika kipanya mwenyewe, akabonyeza huku na kule, akauliza, "Mmeona?" Wote wakasema wameona. Hakuna aliyekuwa ameona. Mtu aliyefanya kazi miaka zaidi ya 20 anaona aibu kusema sijui mbele ya mtoto wa rika la kitinda mimba wake.

Marekani, mwaka 2006, mkutubi mmoja aliyeitwa Helene Blowers aliishughulikia aibu hii kwa njia nzuri. Katika maktaba za Charlotte, North Carolina, aliwapa wafanyakazi orodha ya mambo 23 ya kujaribu mtandaoni, kidogo kidogo, kila mtu kwa wakati wake, na ruhusa ya kukosea. Wazo hilo lilienea kwa maktaba nyingi duniani. Mwaitu hajawahi kulisikia. Lakini daftari lake ni kitu kile kile, tofauti ni kwamba alijitungia mwenyewe, usiku, baada ya kufunga.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa kibodi. Zilikuwa kadi. Maktaba ilikuwa na droo za mbao zilizojaa kadi za vitabu, na kazi ilikuwa kuhamisha kila kadi iingie Koha. Mbele ya kadi kuna mwandishi, jina la kitabu, mwaka, namba ya Dewey. Hayo yana nafasi zake kwenye kompyuta. Lakini nyuma ya kadi, kwa miaka hiyo yote, wafanyakazi walikuwa wameandika kwa penseli. Kwenye kitabu cha mabwawa ya mchanga: "Wape kina mama wa mwethya, picha ukurasa wa 40." Kwenye kitabu cha kuku: "Dawa zilizotajwa hazipatikani tena." Kwenye kitabu cha historia: "Habari za Makueni ziko sura ya Machakos."

Akamuuliza yule kijana, haya nitayaweka wapi? Akajibiwa hakuna mahali, mama, weka yale ya mbele tu. Kadi zikiisha zitatupwa.

Hakuzitupa. Alizipeleka nyumbani kwa boksi la sabuni, na kila jioni akawa anachokora mfumo. Wiki ya pili akapata. Koha ina sehemu mbili za maelezo kwa kila nakala ya kitabu: moja huonwa na wafanyakazi peke yao, nyingine huonwa hata na msomaji. Akaandika hatua ya 18 kwenye daftari.

Akaanza kunakili. Na hapo ndipo akakumbana na jambo ambalo bado ninalifikiria. Baadhi ya kadi zilikuwa na majina. Nani huazima kitabu gani, nani aliulizia nini. Kwenye vitabu vya afya, hasa vile vya miaka ya 90 kuhusu ukimwi, kulikuwa na majina ya watu wa kijiji, yameandikwa kwa nia njema kabisa, ili kitabu kipya kikija aitwe. Kwenye droo majina hayo yalikuwa salama kwa sababu aliyeyaandika ndiye aliyefungua droo. Kwenye sava yangesomwa na mtu yeyote aliye na ruhusa, leo au miaka 20 ijayo, hata akiwa Nairobi.

"Kitu kilichojulikana na watu wawili, nikikiweka hapa kinajulikana na watu gani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo tayari. Kadi zenye majina alizichoma nyuma ya nyumba. Hakuna somo lililomfundisha hivyo. Siku hizi watu hulipwa kwenda semina hotelini kuongea kuhusu ulinzi wa data.

Nilimuuliza kuhusu John Mbiti, maana ni mtoto wa hapa kwetu, amezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kinasomwa dunia nzima. Akacheka, akanipeleka kwenye rafu. Mfumo wa Dewey ni wa mwaka 1876. Namba za 200 ni za dini, na sehemu kubwa ya hizo amepewa Ukristo. Dini nyingine zote zimebanwa kwenye 290, na za asili ya Kiafrika ziko huko mwishoni, 299.6. "Mtu akija kuuliza imani za Wakamba, kompyuta inampeleka kona ile," akasema. "Mimi namwambia aanzie kona ile, kisha aende historia, kisha hadithi. Mbiti mwenyewe alikusanya hadithi zetu, lakini haziko rafu moja na dini."

Hiyo ndiyo kazi yake, na mashine haikuiondoa. Ilimpa droo kubwa zaidi yenye majina yasiyolingana na yale watu wanayoyatumia.

*

Turudi kwa vifaru. Tulitafuta Machakos. Tukapata kitabu cha mwaka 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, utafiti mkubwa kuhusu ardhi na watu wa Machakos kuanzia miaka ya 1930, na Makueni imo humo. Kisha Mwaitu akafungua daftari ukurasa wa nyuma na kunionyesha jambo ambalo hakuna mwalimu wangu wa chuo aliyewahi kunitajia: JSTOR, ile hazina ya majarida, tangu 2020 inamruhusu mtu binafsi kufungua akaunti ya bure na kusoma hadi makala 100 mtandaoni kila siku 30. Huhitaji kuwa mwanafunzi. Unahitaji baruapepe.

Nilikuwa nimekaa miezi nikijihurumia mbele ya mlango mmoja.

Makala ya vifaru yalichapishwa, na malipo yake yakaisha kwa kodi ya nyumba. Nilimsomea susu kwa simu. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini nimeandika mambo ambayo alishaniambia.

Mwezi uliopita nilirudi maktaba. Mwaitu ameanza kumfundisha msichana wa atachimenti, na daftari la manjano limehamia meza ya yule msichana. Droo zilizobaki kunakiliwa ni chache. Akanipa ile ya herufi M, akaniambia kama sina kazi nisikae bure.

Karibu na mwisho wa droo nikakuta kadi isiyo ya kitabu chochote. Mwandiko wa penseli, umefifia: "Makueni: kabla ya 1992 tazama Machakos." Nikauliza inaenda wapi. Akasogeza kiti, akanionyesha jinsi ya kutengeneza rekodi ya rejea, ili mtu akiandika neno moja apelekwe kwa lingine. Nikaandika. Ilinichukua kama dakika kumi, kwa vidole vyote kumi.

"Umehifadhi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesahau.